Ndege imeshuka, sikio limebaki juu

Siku tisa nzima sikio langu la kushoto lilikuwa kama limejazwa pamba mbichi, na yote hayo yalitokana na nusu saa tu ya ndege kushuka. Nilipanda nikiwa na mafua. Wala hayakuwa mafua ya kumlaza mtu kitandani, ni yale ya kupenga kamasi mara mojamoja, nikasema si neno, nitalala njiani. Na kweli kupanda hakukuwa na shida yoyote, masikio yalizibuka yenyewe, nikala, nikasinzia, saa saba zikapita. Alafu ikaja ile sauti ya kutuambia tufunge mikanda tunaanza kushuka, na ndani ya dakika kumi nilikuwa nimeshika kichwa kwa mikono miwili, maumivu kama mtu anachokoa sikio kwa msumari, machozi yanatoka yenyewe, na jirani yangu wa siti, mzee mmoja mtaratibu sana, akawa ananiambia "meza mate mwanangu, meza mate, usiache" na mimi nameza hadi koo limekauka na sikio bado halizibuki.

Tulipogusa ardhi watu walikuwa wanaongea kwa mbali kama niko chini ya maji. Daktari niliyemuona kesho yake alichungulia akasema ngoma ya sikio imevutwa kwa ndani, imekuwa nyekundu, na nyuma yake kuna majimaji, ila haijatoboka, nisubiri. Nikasubiri. Na katika kusubiri nikawa nasoma, maana nilitaka kujua hasa ni nini kilinipata, na nilichokikuta kimenibadilisha jinsi ninavyokaa kwenye ndege mpaka leo. Vitu vingi vya ajabu ambavyo mwili unavipitia huko juu, ukivifuatilia utakuta njia yake inapita sikioni au jirani na sikio.

Tuanze na presha. Ndege kubwa ya abiria inaruka kwenye mita 10,000 hadi 12,000 hivi. Huko nje ni baridi ya nyuzi 50 na zaidi chini ya sifuri, na hewa ni nyepesi kiasi kwamba presha yake ni kama robo tu ya ile ya usawa wa bahari, au chini ya hapo. Kwa hiyo hewa inasukumwa ndani ya ndege ili watu waishi, hilo wengi tunalijua. Ambacho sikukijua mimi ni kwamba hawaijazi mpaka ikalingana na ya chini, kwa sababu bodi la ndege lingelazimika kuwa zito na imara kupita kiasi ili kuizuia presha yote hiyo isipasue. Wanaiacha ishuke mpaka ilingane na hewa ya kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na hiyo 2,400 ndo kikomo cha kawaida kwa mujibu wa kanuni. Hapo presha ni kama robo tatu ya ile ya baharini. Ina maana wewe umekaa, umevua viatu, unaangalia filamu, na huku mwili wako unapandishwa mlima kwa dakika ishirini au thelathini bila miguu kupiga hatua hata moja, alafu mwisho wa safari unateremshwa mlima huohuo kwa haraka ileile. Mtu anayepanda mlima kwa miguu anachukua siku nzima au zaidi kufika urefu huo.

Sasa sikio. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na kutoka kwenye chumba hicho kuna mrija mwembamba unaoshuka mpaka nyuma ya pua. Unaitwa mrija wa Eustachi, kutokana na Bartolomeo Eustachi, tabibu wa Italia wa karne ya 16 aliyeueleza vizuri. Muda mwingi mrija huu umefungwa, unafunguka kidogo tu unapomeza au kupiga miayo. Ndege ikipanda, presha ya nje inapungua na hewa iliyo ndani ya sikio inatanuka, na hii inatoka yenyewe kwa urahisi kwa sababu inasukuma mlango kuelekea nje, ndo kile kisauti cha "pap" tunachokisikia. Lakini ikishuka mambo yanageuka. Presha ya nje inaongezeka, ndani ya sikio imebaki ile ndogo ya mlimani, na ule mrija laini badala ya kufunguka unabanwa na presha yenyewe ukazidi kufunga, ni kama mlango unaosukumwa upande usiofungukia. Usipoufungua mapema unafika wakati misuli haina tena nguvu ya kuufungua. Na ukiwa na mafua, kuta za mrija zimevimba, njia imeziba kabla hata safari haijaanza. Hicho ndo kilichonipata. Ndege ilishuka, mimi nilishuka, mizigo ilishuka, ila kile chumba kidogo nyuma ya ngoma ya sikio kilibaki mita elfu mbili juu, na ngoma ikawa inavutwa kwenda ndani kama ngozi inayonyonywa.

Nilipata faraja ya ajabu nilipogundua kuwa tatizo hili lina umri sawa na usafiri wa anga wenyewe. Tarehe 1 Desemba 1783, pale Paris, Jacques Charles alipanda angani kwa puto la haidrojeni, la kwanza la aina hiyo kubeba watu. Alikuwa na mwenzake, wakaruka kama saa mbili wakatua salama wakati jua linazama. Mwenzake akashuka, puto likawa jepesi, Charles akaamua kupanda tena peke yake na puto likamrusha kwa kasi mpaka karibu mita 3,000, akaliona jua likizama kwa mara ya pili siku hiyohiyo. Fikiria uzuri wa jambo hilo, hakuna binadamu aliyewahi kuliona kabla yake. Na hapohapo akashikwa na maumivu makali ya sikio la kulia, akaachia gesi ashuke, na katika maisha yake yote hakupanda puto tena. Huyu ndo Charles yuleyule ambaye kanuni ya gesi na joto inaitwa kwa jina lake, mtu aliyeijua hewa kuliko karibu wote wa zama zake, na hewa kidogo tu ndani ya sikio ikamzuia.

Nisiruke kitu muhimu cha vitendo hapa. Wengi tunaziba pua na kupuliza kwa nguvu, njia ambayo inaitwa kwa jina la Antonio Valsalva, tabibu mwingine wa Italia. Inafanya kazi, ila upulize taratibu na uanze mapema ndege inapoanza tu kushuka, usisubiri maumivu, maana maumivu yakishakuja mrija umeshabanwa na ukilazimisha kwa nguvu nyingi unaweza kuliumiza sikio la ndani. Kuna njia nyingine ambayo mi naipenda zaidi, unaziba pua alafu unameza mate huku umeiziba. Na usilale wakati ndege inashuka. Aliyelala anameza mara chache sana kuliko aliye macho. Kama una mafua mazito, au sainasi zimejaa, ongea na daktari kabla ya safari, na ukiweza kuahirisha, ahirisha.

Hewa iliyonaswa haiko sikioni tu. Robert Boyle alishaonyesha mwaka 1662 kuwa presha ya gesi ikipungua ujazo wake unaongezeka, na kwa presha ya ndani ya ndege gesi iliyoko tumboni inaongezeka kwa karibu thuluthi. Ndo maana suruali inabana, ndo maana chupa ya maji uliyoifunga juu inakutwa imebonyea chini, na ndo maana jino lililozibwa vibaya likaacha kitundu cha hewa linaweza kuuma angani wakati ardhini halikusumbui. Mtu aliyetoka kufanyiwa operesheni ya tumbo au ya jicho ambayo imeacha gesi ndani anaweza kukatazwa kabisa kuruka. Na aliyezamia baharini na mtungi wa hewa anashauriwa kusubiri kwa saa 18 au hata 24, kwa sababu naitrojeni iliyoyeyuka kwenye damu yake inaweza kutoka kama mapovu akipanda haraka.

Oksijeni nayo nilikuwa nimeielewa vibaya. Nilidhani huko juu oksijeni ni asilimia ndogo. Hapana, ni asilimia 21 palepale, tatizo ni kwamba presha ndogo inashindwa kuisukuma vizuri kuingia kwenye damu. Mtu mzima mwenye afya, kiwango chake cha oksijeni kwenye damu ambacho chini ni 97 au 98, kwenye ndege kinaweza kushuka mpaka kati ya 90 na 94. Moyo unaenda mbio kidogo, unapumua zaidi kidogo, unachoka, unasinzia, na pombe ukiichanganya na uchovu huo mwili unaelemewa haraka zaidi. Kwa mzima si hatari. Kwa mwenye ugonjwa wa mapafu au moyo ni jambo la kuongea na daktari kabla, tena mapema, kwa sababu wengine wanahitaji kuandaliwa oksijeni ya safari.

Ila kinachonitisha kuhusu upungufu wa oksijeni ni upole wake. Hauumi. Tarehe 5 Septemba 1862 Waingereza wawili, James Glaisher na Henry Coxwell, walipanda kwa puto wakapita mita 8,000. Glaisher macho yakaanza kushindwa kusoma vipimo, mikono ikafa ganzi, kichwa kikaanguka begani, akazimia. Coxwell mikono yake ilikuwa imeganda kwa baridi haishiki kitu, akaikamata kamba ya kuachia gesi kwa meno, akaivuta, puto likashuka, wote wakapona. Miaka 13 baadaye, Aprili 1875, Wafaransa watatu walipanda na puto liitwalo Zénith wakiwa na mifuko ya oksijeni kabisa, wameshaambiwa hatari iliyopo. Walipofika juu zaidi ya mita 8,000 mikono ilikuwa imeshalegea hawawezi hata kuufikia mrija wa oksijeni uliokuwa karibu nao. Wawili walikufa, Joseph Crocé-Spinelli na Théodore Sivel. Aliyebaki, Gaston Tissandier, alisimulia baadaye kwamba huko juu hakuhisi mateso, alihisi furaha, mtu anakuwa hajali tena, anapanda na anafurahi kuwa anapanda. Tissandier alipona lakini masikio yake yaliharibika akawa kiziwi. Nilisoma hapo nikaacha kwanza, nikaweka simu pembeni, sikio langu bado limeziba.

Kwa hiyo wahudumu wanaposema vaa barakoa yako ya oksijeni kwanza ndo umsaidie mwingine, msikilize. Ndege ikipoteza presha kwenye mita 10,700 mtu anabaki na akili ya kufanya kitu cha maana kwa sekunde 30 hadi 60 tu. Mzazi akianza kuhangaika na mtoto zikapita hizo sekunde, akili yake inazimika huku anajiona yuko sawa kabisa, anatabasamu. Akivaa yake kwanza, atakuwa na akili timamu ya kumvisha mtoto sekunde chache baadaye.

Sasa niwaambie kitu kilichonishangaza kuliko vyote, ladha. Kila mtu anasema chakula cha ndege hakina chumvi, mi nilikuwa nawalaumu wapishi. Kule Holzkirchen, Ujerumani, taasisi ya Fraunhofer ina kipande cha mbele cha ndege halisi ya Airbus A310 kimewekwa ndani ya chemba ambayo wanaweza kuipunguza presha, na mwaka 2010 waliwalisha watu humo ndani kwa niaba ya shirika la ndege la Lufthansa, wakiwa na presha ya angani, hewa kavu na mtetemo kama wa safari. Chumvi ilisikika hafifu kwa asilimia 20 hadi 30, sukari kwa asilimia 15 hadi 20. Uchachu na uchungu havikubadilika sana. Sababu mojawapo ni pua, kwa sababu sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu, na pua ikikauka harufu haifiki vizuri pale inapotakiwa kufika. Lufthansa walikuwa wameshangaa kwa nini abiria wanakunywa juisi ya nyanya nyingi sana angani, watu ambao chini wala hawaigusi, na kwenye majaribio yale wanywaji walisema chini inanuka kama kitu cha stoo lakini juu ina harufu ya tunda, tamu, ya kuburudisha.

Alafu mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha Cornell kule Marekani wakaja na jambo jingine. Hawakugusa presha kabisa, waliwavalisha watu hedifoni zenye kelele kama za ndani ya ndege, desibeli 85 hivi, wakawapa vitu vya kuonja. Utamu ulipungua, na ile ladha ya tano inayoitwa umami, ile ya supu nzito, uyoga na nyanya, ikaongezeka. Kelele peke yake! Na maelezo wanayoyapendekeza ni haya: kuna neva inayoitwa korda timpani, inayobeba ladha kutoka sehemu ya mbele ya ulimi kwenda kwenye ubongo, na neva hiyo njiani inapita katikati ya sikio la kati, kati ya vile vifupa vidogo, ikigusana na ngoma ya sikio. Nilirudia kusoma mara mbili. Ladha ya ulimi inapita nyuma ya ngoma ya sikio. Basi nikakumbuka kwamba zile siku tisa chai ilikuwa haina utamu kwangu, nikadhani ni mafua tu. Inawezekana ilikuwa mafua kweli, sidai nimefanya utafiti, ila tangu hapo nikiwa kwenye ndege wakati wa kula navaa vizibo vya masikio, na kwangu chakula kinakuwa na ladha zaidi. Jaribu.

Kuna sehemu nyingine ya sikio, ya ndani kabisa, ambayo kazi yake ni kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Ina mifereji mitatu ya nusu duara yenye majimaji, inapima kichwa kinavyozunguka, na ina vijiwe vidogovidogo vya chokaa vilivyokaa juu ya vinyweleo, vinapima mwinamo na mwendo. Mashine nzuri ajabu, ila ilitengenezwa kwa ajili ya kiumbe anayetembea. Vijiwe vile haviwezi kutofautisha kati ya kuinama nyuma na kusukumwa mbele kwa kasi. Ndo maana ndege inapokimbia kuondoka unahisi imesimama wima kama roketi, wakati pua yake imeinuka nyuzi 15 hivi. Na dakika moja hivi baadaye, marubani wanapopunguza nguvu ya injini kidogo kama ratiba inavyotaka, mwili mzima unahisi tunaanguka. Hatuanguki. Bado tunapanda, taratibu zaidi tu, ila vijiwe vimesoma upungufu wa kasi kama kuinama mbele. Mi nilikuwa nashika mkono wa siti kwa nguvu kila safari katika sekunde zile, miaka yote, na hakuna aliyewahi kunieleza, na tangu nielewe ile hisia bado inakuja vilevile lakini hofu haiji nayo. Kama una ndugu anayeogopa ndege mwambie hili kabla hajapanda, tafadhali.

Mifereji nayo ina udhaifu wake. Ndege ikigeuka polepole na kwa mwendo uleule, baada ya sekunde kama 20 yale majimaji yanaenda sambamba na mfereji, na wewe unahisi unaenda moja kwa moja. Maji kwenye glasi yako yamekaa sawa na meza, hayajainama kuelekea ardhi. Fumba macho huwezi kujua kama ndege imelala upande. Kwa abiria ni jambo la kushangaza tu, kwa rubani asiyeona upeo wa macho ni kifo, akiamini mwili wake badala ya vipimo. John F. Kennedy mtoto, mwana wa yule rais wa Marekani, alikufa hivyo Julai 1999 akiwa anarusha ndege mwenyewe, usiku, juu ya bahari, kwenye ukungu, akiwa na mkewe na shemeji yake, na wachunguzi wa Marekani walihitimisha kuwa alipoteza mwelekeo. Marubani wanafundishwa kwa muda mrefu jambo ambalo ni gumu kwa binadamu yeyote, yaani kuikataa hisia yako mwenyewe na kuiamini sahani ya vipimo mbele yako. Kichefuchefu chetu sisi wa nyuma kinatoka hapohapo, sikio linasema tunayumba, macho yanaona siti zimetulia, ubongo haujui umsikilize nani. Kama unatapika safarini kaa usawa wa mabawa ambako mtikisiko ni mdogo na uangalie nje mbali, acha simu.

Ukavu niupitie kwa haraka. Hewa ya nje kwenye baridi ile haina unyevu karibu wowote, ikiingizwa na kupashwa joto unyevu wa ndani unakuwa chini ya asilimia 20. Macho yanawasha, hasa kwa wanaovaa lenzi, midomo inapasuka, pua inauma ndani. Ndege mpya kama Boeing 787 na Airbus A350, ambazo bodi zake zimetengenezwa kwa nyuzi za kaboni zisizoshika kutu, zinaweza kuwa na unyevu zaidi na presha ya kama mita 1,800 tu. Nimesafiri na mojawapo saa nyingi na nilishuka na kichwa chepesi, tofauti ipo.

Miguu sasa, na hapa naomba unisikilize kidogo. Damu ya miguuni inarudi juu kwa msaada wa misuli ya shavu la mguu, ukikaa umekunja magoti saa nyingi inatuama, na ikituama inaweza kuganda, na donge likikatika likaenda kwenye mapafu linaua. Kisa sio anga yenyewe. Mwaka 1940, London ilipokuwa inapigwa mabomu, daktari Keith Simpson aligundua watu waliolala wameketi kwenye viti vya turubai ndani ya mahandaki usiku kucha walikuwa wanakufa kwa madonge haya ya damu, hakuna ndege wala nini. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2007 kwamba safari ya zaidi ya saa nne inaongeza hatari karibu maradufu, iwe ndege, basi, treni au gari, na kwa watu wenye afya ni kama mtu 1 kati ya 6,000. Ni ndogo, ndio, ila inapanda kwa mjamzito, kwa aliyetoka kufanyiwa operesheni, kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, kwa mwenye saratani, kwa mnene sana na kwa mrefu sana. Simama, tembea, ukishindwa chezesha vifundo vya miguu. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, hata kama ni wiki mbili baadaye, usiukande kwa maji ya moto nyumbani, nenda hospitali.

Saa ya mwili ina habari yake ndefu, nitaiandika siku nyingine, ila kwa ufupi ni kwamba saa hiyo iko kwenye ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana, na kwa binadamu inazunguka kwa zaidi kidogo ya saa 24. Kwa hiyo kuirefusha siku ni rahisi kuliko kuifupisha, na kwa sababu hiyo kusafiri kwenda magharibi, ambako siku inarefuka, hakuchoshi sana kama kwenda mashariki. Mwanga wa jua ndo dawa yake kubwa kuliko kidonge chochote.

Mwezi uliopita nimesafiri na binti wa kaka yangu, ana miaka sita, safari yake ya kwanza. Alilala tangu nusu ya njia, kichwa chake kwenye mkono wangu, na tulipobakiza kama dakika arobaini nikasikia injini zimepunguza sauti kabla hata hawajatangaza. Nikamtikisa bega taratibu. Akanuna, akasema shangazi niache nilale. Nikampa kikombe cha maji nikamwambia kunywa kidogokidogo, ukimaliza tunapiga miayo pamoja. Tukapiga miayo, tukameza, tukaziba pua tukameza tena, na kila baada ya muda akawa ananiambia kwa sauti kubwa kuliko inavyotakiwa, "shangazi limefunguka, la huku sasa, na la huku," mpaka magurudumu yakagusa chini.